Chumba na sebule, watu wanne: tulivyoondoa mrundikano baada ya kuuza kabati (uzi mrefu)

mbagala_rangitatu

Habari za humu jamvini wakuu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili nimekaa nalo miezi kadhaa kabla ya kuliandika.

Tunaishi watu wanne, mimi, baba watoto na watoto wawili, chumba na sebule huku Mbagala, Dar es Salaam. Kila chumba ni kama futi 10 kwa 10. Jikoni kwangu ni kona ya sebule nyuma ya pazia. Miaka sita yote nilikuwa nasema tatizo ni udogo wa nyumba, tukihamia kwetu mambo yatakaa sawa.

Usiku mmoja wa mwezi wa nne, mvua inamwagika, mdogo akapandisha homa. Kipimajoto tunacho, nilikinunua mwenyewe. Nimekitafuta kuanzia saa nane hadi saa tisa kasoro, tochi ya simu mdomoni, baba yake kambeba mtoto anatembea naye kati ya kitanda na kabati, na hapo katikati ni pa kupita mguu mmoja tu. Nafungua mfuko, ndani kuna mfuko. Navuta begi juu ya kabati, linashuka na sufuria ya shughuli ambayo sijaitumia tangu maulidi ya mwaka juzi. Mwisho nimekikuta kwenye kikombe cha bati nyuma ya redio mbovu, pamoja na betri mbili zilizovuja na ufunguo ambao hakuna anayejua ni wa kufuli gani. Mtoto alikuwa na 39.2. Tulimkimbiza, ikaonekana ni malaria, akatibiwa, amepona, Alhamdulillah. Lakini dakika zile sijazisahau mpaka leo.

Asubuhi nilitoa kila kitu nje uani. Majirani wakadhani tunahama. Nilipoviona vyote juani ndipo nilipoelewa: vitu vyetu havikuwa vingi sana, ila zaidi ya nusu havikuwa na kwao. Sahani ina kwao. Mswaki una kwao. Kipimajoto, chaja, mkasi, kadi ya kliniki, bisibisi, nyuzi, vile vyote vinavyotafutwa kwa haraka, vilikuwa vinalala popote vilipodondoka.

La pili nililoliona ni kabati. Kabati la milango mitatu tulinunua tulipooana, zuri, la kioo. Limekula futi 5 za ukuta na futi 2 kuja mbele. Ndani, nguo zimebanana chini na juu kuna hewa. Juu yake mpaka darini kuna futi 3 za mabegi. Tukajadiliana na mume wangu siku nne, tukaliuza. Najua wengi mtashangaa, maana ushauri wa kawaida ni ununue kabati kubwa zaidi. Kwetu sisi kabati ndilo lililokuwa mzigo mkubwa kuliko yote mle chumbani.

Tulichofanya badala yake:

Kitanda chetu ni 5 kwa 6, uvungu ulikuwa inchi 7, pa vumbi na ndala. Fundi akatuchongea magogo manne ya inchi 6, kila gogo amelichimba tundu la inchi 1 ili mguu wa kitanda utumbukie usiteleze. Uvungu sasa ni futi 1 kamili. Humo zinaingia droo mbili za meza ya kujipambia iliyovunjika (bibi yangu droo anaiita mtoto wa meza, na jina hilo nalipenda zaidi), tumezipigilia vigurudumu vinne vinne. Moja ya mashuka na mapazia, moja ya nguo za watoto.

Nguo zangu, vitenge na kanga, nilikuwa nazipanga moja juu ya nyingine. Ukitaka ya chini unabomoa zote. Siku hizi naviringisha kama mkeka kisha nasimamisha ndani ya boksi, migongo ikitazama juu. Naiona kila moja bila kugusa nyingine. Doti ishirini na mbili zimeingia kwenye boksi lililokuwa linabeba kumi na tano.

Mifuko. Tangu katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019, kila ukienda dukani unarudi na mfuko mbadala, na hakuna anayeutupa kwa sababu umeulipia. Mimi nilikuwa nayo hamsini na kitu nyuma ya mlango. Nimebaki na kumi. Kila mmoja naukunja mkanda mrefu, halafu naukunja pembe tatu kama unavyokunja manda ya sambusa, ncha naichomeka ndani. Kumi zote zinakaa kwenye kopo moja la maziwa ya unga.

Na hiki ndicho ninachojivunia: mfuko wa nyuma ya mlango. Nilichukua jinzi mbili za baba watoto zilizokwisha magotini na kitenge kimoja kizito, fundi cherehani akanishonea kitambaa kirefu chenye mifuko 12, safu nne za mitatu mitatu. Kimetundikwa kwa fimbo ya ufagio juu ya mlango wa chumbani. Safu ya juu watoto hawaifikii: kipimajoto, dawa, wembe. Inayofuata chaja, tochi, mkasi. Mbili za chini ni za watoto wenyewe, soksi, rula, leso. Mfuko wa kwanza kushoto ni wa kipimajoto na hakuingii kitu kingine. Nikiamshwa usingizini naweza kukishika gizani.

Kilichonishinda ni ukuta. Mwenye nyumba wetu hataki kusikia neno msumari. Naombeni mawazo hapo, na pengine mliyofanya nyumbani kwenu.

seremala_keko

Dada, umeandika vizuri na hayo magogo fundi wako ameyafanya inavyotakiwa. Wengi wanaweka tofali tu, kitanda kinahama usiku mtu anaanguka nacho.

Kuhusu ukuta. Kinachomuudhi mwenye nyumba ni msumari. Msumari kwenye tofali za saruji hauingii, unapasua plasta, mtu anapiga mitano ndipo mmoja ushike, ukutani panabaki kama pamepigwa risasi. Mwombe akuruhusu drili. Biti namba 6, ndani ya tundu kile kidude cha plastiki tunachokiita fisha, namba 6 hiyo hiyo, halafu skrubu. Tundu linakuwa dogo, siku unahama unachomoa, unaziba kwa saruji nyeupe kidogo, unapaka rangi. Mwandikieni kabisa kwamba mtaziba. Mimi nimeona wenye nyumba wakikubali wakishaona tundu la kwanza.

Rafu usiweke usawa wa kichwa, inakula chumba. Weka juu ya mlango, usawa wa linta, izunguke kuta mbili. Ubao wa inchi moja kwa nane wa futi 12 ukiukata mara mbili unapata rafu tatu za futi 4, na mbao zenyewe nyingi hapa mjini ni paini ya Mafinga, nyepesi, ukuta hauhisi. Engo za chuma tatu kwa kila futi 4, mbili hazitoshi, ubao utapinda katikati. Mabegi na sufuria za shughuli ndiyo makazi yake huko.

Akikataa kabisa, kuna njia ya nguzo. Mbao mbili za inchi mbili kwa mbili, urefu wa sakafu hadi dari kasoro inchi, chini raba, juu kabari ya mbao inayobana. Rafu zinashikwa na nguzo, ukuta hauguswi. Ila hiyo inataka dari ngumu. Ukiwa na siling bodi usijaribu, utaipasua.

dada_mpangaji

Naweka kambi hapa. Na mimi nina la kuongezea: ndoo za rangi za lita 20. Mafundi ujenzi wanaziuza bei ya kutupa. Nimeosha nne, mbili naweka unga na mchele, mbili nguo chafu. Juu nimeshona mto mdogo wa sponji, mgeni akija anakalia. Umeondoa stuli na pipa kwa mpigo mmoja.

mbagala_rangitatu

Dada, wazo la mto juu ya ndoo nimelipenda na nitalifanya. Ila unga na mchele kwenye ndoo iliyobeba rangi, nakusihi vitoe. Ile ndoo haikutengenezwa kwa chakula, na rangi inajipenyeza kwenye plastiki hata ukiosha kwa majivu. Nenda kwa wauza mandazi na mikate, wananunua siagi na mafuta ya kupikia kwenye ndoo za lita 10 na 20, zikiisha wanaziuza. Hizo zilibeba chakula. Za rangi ziache kwa mkaa, viatu na vifaa vya fundi.

dada_mpangaji

Asante kwa kunikumbusha. Navitoa leo.

mwana_amu

Nasoma hapa nikiwa Lamu na nimefurahi, kwa kuwa haya mnayoyatafuta wazee wetu waliyajenga ndani ya ukuta.

Nyumba za mawe za Amu (ndiyo Lamu) za karne ya 18, ukiingia chumba cha ndani unakuta ukuta mzima una zidaka, safu juu ya safu, vijumba vidogo vilivyochongwa kwa chokaa. Humo waliweka sahani za Kichina, vitabu, vitu vya thamani. Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama dhiraa moja au zaidi, kwa hiyo kidaka kinaingia ndani bila kuchukua hata shubiri ya chumba. Na chumba ni chembamba mno! Upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, mita 2 na nusu, ikizidi sana 3. Kirefu, chembamba, na hakikujaa. Watu wakija kutazama wanaona urembo tu. Mimi nimelala ndani ya nyumba hiyo utotoni, najua kwamba kidaka cha chini karibu na kitanda kilikuwa cha maji ya kunywa na dawa ya nyanyangu ya kifua.

Huwezi kuchonga tofali la inchi 6 la mwenye nyumba, bila shaka. Lakini kama unajenga kwako, kabla ya fundi kupiga plasta mwambie akuachie mashubaka mawili matatu kwenye ukuta wa ndani usiobeba mzigo mkubwa, bafuni na jikoni hasa. Gharama yake ni kazi ya siku moja. Nasikitika kuona nyumba mpya hapa kwetu zina kuta tupu kama ubao wa shule, kisha mtu ananunua kabati.

bibi_karafuu

Wanangu, mimi nipo Unguja na siandiki sana. Nimeona mmesema ukuta na uvungu, hakuna aliyetaja juu. Kwetu kulikuwa na susu. Kamba au ukindu umesukwa kama wavu, umening'inizwa kwenye boriti, ndani unaweka bakuli la mchuzi, mkate, samaki wa kukaanga. Panya hafiki, paka hafiki, upepo unapita. Chini yake unakaa unachambua mchele. Leo mnaweza kuweka vitunguu, viazi, ndimu. Vitunguu kwenye ndoo iliyofungwa vinaoza kwa jasho lake, kwenye susu vinakaa.

Pili, huku pwani adui si uchache wa nafasi, ni unyevu. Nguo ukiziviringisha ukazifungia uvunguni masika yote, utazikuta na ukungu na harufu ya chumba kilichofungwa. Kasha langu la ndoa halijawahi kugusa ukuta. Lina miguu, na nyuma nimeacha upana wa kiganja hewa ipite. Ndani, ubavuni, kuna kijisanduku chenye kifuniko chake, humo nimeweka karafuu kwenye kitambaa. Na kila jua kali la kiangazi nafungua, natoa, naanika, nafukiza udi, narudisha. Usihifadhi kitu ambacho huna nia ya kukianika.

mbagala_rangitatu

Shikamoo bibi. Nimesoma mara mbili. Susu nilikuwa nalijua kwa jina tu kutoka kwa mama. Na umeniamsha kuhusu ukungu, nitatoboa matundu kwenye ubavu wa zile droo na kuchanganya na karafuu.

mzee_wa_kugawa

Naomba kutofautiana kidogo. Droo, rafu, mifuko 12, yote hii ni kuficha. Mrundikano dawa yake ni moja, punguza. Kitu hujakigusa mwaka mzima, toa. Nyumba itapumua.

mbagala_rangitatu

Mkuu, kuna nusu ya ukweli hapo na nimeifuata. Nilikuwa na mabegi matatu ya nguo za mtoto mkubwa nikisubiri mdogo azifikie. Begi la kwanza mdogo alishalipita! Zimekwenda kwa mama mmoja hapa jirani aliyejifungua. Redio mbovu, pasi mbili za mkaa, feni lisilo na mota, vimekwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Lakini kanuni ya "hujagusa mwaka mzima, toa" ni ya mtu ambaye kesho akikihitaji atanunua kingine. Sisi madumu sita ya lita 20 yanakaa tupu wiki kadhaa, halafu maji yanakatika siku tano, na madumu hayo ndiyo nyumba nzima. Sufuria ya shughuli siigusi mwaka, lakini ukifika msiba mtaani ndiyo inayopika wali wa watu, na mwenzangu naye ana jamvi ambalo mimi sina. Nikiitupa sufuria, sijaipunguza nyumba yangu tu, nimepunguza mtaa. Watu wa kwetu wanatunza vitu kwa sababu vitu hivyo ni akiba, na dharau ninayoisikia mara nyingi, eti waswahili wanapenda makorokoro, inaniumiza sana. Nimekulia ndani ya makorokoro hayo na ndiyo yaliyonisomesha: mama aliuza cherehani aliyokuwa ameifunika miaka tisa ili nilipiwe ada ya kidato cha tano.

Kwa hiyo tulichoamua sisi ni kutenganisha akiba na kilichokwama. Akiba inapanda juu au inaingia uvunguni, na inajulikana kwa jina. Kilichokwama ni vile vya "nitampelekea fundi". Hivyo vina boksi moja, kubwa kiasi cha pasi na viatu jozi mbili. Likijaa, Jumamosi hiyo tunalibeba kwa fundi. Kisichobebwa, kinatoka. Madumu nayo tumeyapanga chini ya meza ya kulia kwa safu mbili, kitambaa cha meza kinashuka mpaka chini, mgeni hayaoni.

mzee_wa_kugawa

Nimekuelewa dada, hasa hilo la sufuria na mtaa. Nilikuwa naongea kama mtu aliye peke yake, kwa kuwa ndivyo ninavyoishi. Nafuta "dawa yake ni moja".

kayole_bedsita

Salamu kutoka Nairobi. Huku bedsita ni chumba kimoja, kila kitu ndani. Pazia la kugawanya kitanda na viti nililitoa, nikaweka rafu isiyo na mgongo, futi 5 kwenda juu, iko wazi pande zote mbili. Upande wa kitanda ni nguo na vitabu, upande wa viti ni vyombo na televisheni. Hewa na mwangaza wa dirisha vinapita katikati, na kile kigawanyo chenyewe ndicho stoo. Ifunge kwenye ukuta au kitanda kwa kamba ama chuma, mtoto akipanda isimwangukie. Masanduku ya safari nayo niliyaweka moja ndani ya lingine, na la ndani kabisa lina nguo za baridi za Julai.

seremala_keko

Hilo la kufunga rafu lisipite hivi hivi wakuu. Rafu yoyote inayozidi futi 4 na ina mtoto ndani ya nyumba, ifungwe. Vizito chini, vyepesi juu. Na mtungi wa gesi msiuingize kabatini wala uvunguni, ukae palipo wazi na hewa.

bonde_la_msimbazi

Nimesita kuandika. Nataka kusema neno kuhusu uvungu.

Desemba 2011 tulikuwa tunaishi bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, upande wa Jangwani. Mvua ilinyesha, maji yakaingia ndani tukiwa tumelala. Nilishusha mguu kitandani nikakanyaga maji. Tulitoka na watoto na mama, basi. Kila kilichokuwa uvunguni kilikwenda au kilioza. Mama alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, humo kulikuwa na vyeti vya kuzaliwa vyetu sote, cheti cha ndoa yake, cheti cha kifo cha baba, vyeti vyangu vya shule. Maji yalipopungua tulilikuta limekwama mlangoni. Alivianika kimoja kimoja juu ya bati, amevikandamiza kwa kokoto visipeperuke. Karatasi zilikauka. Wino ulikuwa umeshaondoka. Nilianza kufuatilia cheti changu cha kuzaliwa upya mwaka uliofuata na nilikipata baada ya safari nyingi sana.

Kwa hiyo dada, uvungu weka mashuka, nguo, viatu. Karatasi ziende juu, na ziwe ndani ya kitu unachoweza kukishika kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono mwingine una mtoto.

mbagala_rangitatu

Ndugu yangu, pole sana. Pole na kwa mama.

Nimesoma ujumbe wako jana usiku nikaenda kuangalia. Vyeti vyetu vilikuwa uvunguni, kwenye droo ya mashuka, ndani ya bahasha ya kaki. Nilidhani ndipo penye usalama.

Leo nimenunua mfuko wa plastiki mgumu wenye zipu, wa kuwekea faili. Ndani nimeweka vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa, kadi za NIDA, kadi za kliniki, mkataba wa pango, na nakala ya vyeti vya shule. Nimeuingiza kwenye begi dogo la shule lenye mikanda, la mkubwa, lililokuwa limeisha zipu ya mbele.

Na fundi wa Keko, nimeongea na mwenye nyumba kwa maneno yako, tundu dogo, fisha, tutaziba tukihama, tumeandikiana. Amekubali ukuta mmoja, ule wa mlango. Tumeanza na tundu moja tu, juu, pembeni ya fremu, na hapo ndipo begi linaponing'inia. Mkubwa ana miaka kumi. Nimemsimamisha kwenye stuli, amelishusha, amelivaa mgongoni, amelirudisha. Amefanya hivyo mara tatu. Rafu tunaanza Jumamosi, ubao mmoja moja kwa nane tumeshaununua, umesimama koridoni.